Kiungo Kilichoungua Hakingoji Roboti



Katika mkutano wa tawi tuliofanya Jumapili moja hapa Kampala, ndugu yetu mmoja aliomba kusema. Aliinua mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja kwenye kiwiko kama mkono wa mtu aliyebeba sinia, na hata kama angetaka kuunyoosha usingenyooka. Ngozi yake ilikuwa imevutika na kung'aa tangu karibu na bega mpaka kwenye kifundo.

Alituuliza hivi. Mpwa wake amemwonyesha kwenye simu video ya hospitali moja ya Korea, ambako mtu aliyeungua anafungwa mashine, na ile mashine inamkunja na kumnyoosha kidogo kidogo mpaka anapona. Mashine hiyo inaitwa roboti. Je, chama hakiwezi kumdai mwajiri alipe nauli na matibabu, naye apelekwe huko arudishiwe mkono wake?

Baadhi ya watu walicheka. Yeye hakucheka. Sisi wa ofisi ya chama hatukuwa na jibu siku ile, tukaahidi kwamba tutauliza kwa wanaojua. Tumeuliza, na majibu tunayaandika hapa, kwa sababu kila kiwanda chenye pipa la moto, tanuri au bomba la mvuke kina mtu ambaye kesho anaweza kuuliza swali lilelile. Hata mashambani pia, ambako miwa huchomwa kabla ya kukatwa na majani ya chai hukaushwa kwa hewa ya moto, jambo hili si geni.

ILIVYOTOKEA

Kwa ruhusa yake tunaeleza habari ya ndugu huyu, bila jina lake wala la kiwanda chake. Alikuwa mpikaji wa sabuni. Wapikaji wanajua kwamba mafuta na magadi makali huchemshwa pamoja katika pipa kubwa, na kwamba mchanganyiko ule huunguza mara mbili: kwanza kwa moto wake, halafu kwa ukali wa magadi. Valvu ilifyatuka, uji ule ukamrukia mkono wa kulia.

Wenzake walimpenda na walitaka kumsaidia, lakini hawakufundishwa. Walimmwagia maji kidogo, kisha mmoja akaja na dawa ya meno wakampaka. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda. Huko madaktari walisafisha kidonda, na baada ya siku kadhaa wakachukua ngozi ya paja wakaipandikiza mkononi. Ngozi ilishika vizuri. Kama mambo yangekwenda hivyo mpaka mwisho, huenda leo angekuwa anainua mkono wa kulia mkutanoni.

Lakini msimamizi wake alimpigia simu akamwambia kwamba nafasi haiwezi kukaa wazi. Naye ana watoto wanne na chumba cha kupanga. Akarudi kazini kabla ya wakati, mkono umefungwa bendeji, akapewa kazi ya kuhesabu katoni. Akaruka siku mbili za kusafishwa kidonda, kisha siku nne. Wiki ya pili kiwiko kikavimba, kikawa cha moto, homa ikapanda, na usaha ukaanza kutoka mahali palipokuwa pamefunga. Mtu akikishika tu kiwiko kile, alilia.

Alirudishwa hospitali. Kiungo kilikuwa kimeingiwa na vijidudu. Ilibidi kifunguliwe kioshwe ndani, naye akapewa dawa za kuua vijidudu kwa sindano, halafu kwa vidonge, wiki baada ya wiki. Maisha yake yakaokolewa, na mkono haukukatwa. Akaambiwa aje kwenye tiba ya viungo mara 3 kwa wiki. Alikwenda mara 2 tu. Nauli ikamshinda.

Katika vitabu vya kampuni, ndugu huyu hakuandikwa kuwa ameumia kazini. Aliandikwa mgonjwa. Mwezi wa tatu akaletewa barua ya kumwachisha kazi. Tunaomba wasomaji walikumbuke neno hilo moja, "mgonjwa", maana tutalirudia.

KWA NINI KIUNGO HUGANDA

Mahali mifupa miwili inapokutana pamefunikwa na gegedu, kitu cheupe laini kinachoteleza kama sabuni iliyolowa. Kuna mfuko unaozunguka pale, na ndani yake kuna ute unaolainisha, kama vile sisi tunavyotia grisi kwenye beringi. Kiwiko, goti, kifundo cha mguu na viungo vya vidole vina ngozi nyembamba juu yake. Moto ukila ngozi hiyo mpaka chini, mlango wa kiungo unabaki wazi au karibu wazi, na vijidudu vya kidonda vinaingia. Vijidudu vingine husafiri kwa damu kutoka kidonda kilicho mbali.

Vikishaingia, gegedu huanza kuliwa. Haichukui miezi. Ni habari ya siku chache tu. Ndiyo sababu madaktari huhesabu kiungo chenye usaha kuwa jambo la dharura, la kushughulikiwa siku ileile.

Hata usaha ukiisha, adui wa pili anabaki, nalo ni kovu. Kovu la moto lina tabia ya kujivuta. Linavuta mchana, linavuta usiku, linaendelea kuvuta miezi mingi baada ya kidonda kufunga. Mtu mwenye maumivu naye hulisaidia kovu bila kujua, kwa kuwa huuweka mkono pale usipouma, yaani umekunjwa. Waganga wa viungo wana usemi wao kwamba mkao wa raha ndio mkao wa kilema. Kano nazo hufupika na misuli hukonda, na mwishowe kiungo kinakuwa kama bawaba iliyoshikwa na kutu.

ROBOTI YENYEWE INAFANYA NINI

Roboti ya tiba si mtu wa chuma mwenye macho ya taa kama wale wa sinema. Ni mashine yenye mota, mikanda ya kufungia mkono au mguu, na kompyuta inayopima. Sisi wa viwandani twaweza kuielewa upesi. Inapangiwa mwendo na inapangiwa kikomo. Mgonjwa akijitahidi mwenyewe, mashine inapunguza nguvu zake, akichoka, inamsaidia, ikikutana na ukinzani mkubwa, inasimama. Inahesabu kila mara kiungo kilipokunjwa na kupima kilifika wapi.

Mashine hizi hazikuanza jana. Katika miaka ya 1990, Neville Hogan na Hermano Krebs wa chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza mkono wa mashine ulioitwa MIT-Manus, wa kuwafanyisha mazoezi watu waliopooza kwa kiharusi. Baadaye kampuni ya Hocoma ya Uswisi ilitengeneza Lokomat, inayomshika mgonjwa miguu na kumtembeza juu ya ukanda unaozunguka, huku sehemu ya uzito wake imening'inizwa. Mjini Seoul, Korea Kusini, Hospitali ya Hangang Sacred Heart ya Chuo Kikuu cha Hallym inajulikana kwa kutibu walioungua. Madaktari wake wamewajaribia walioungua miguu roboti za kuwatembeza, na katika miaka ya karibuni wameandika kwamba wagonjwa wale waliendelea vizuri katika kutembea na maumivu yao yalipungua. Kwa hiyo mpwa wa ndugu yetu hakudanganywa na simu. Jambo lipo.

Lakini kuna mtu wa zamani zaidi ambaye habari yake inatufaa kuliko hao wote. Robert Salter alikuwa daktari wa mifupa mjini Toronto, Kanada. Enzi zake, madaktari wengi waliamini kwamba kiungo kilichoumia au kilichoingiwa na vijidudu ni lazima kifungwe kitulie kabisa. Salter alianza miaka ya 1970 kujaribu kinyume chake kwa sungura: alikitembeza kiungo kwa mashine, polepole, bila kukipumzisha. Mwaka 1981 yeye na wenzake walionyesha kwamba hata katika magoti ya sungura yaliyotiwa vijidudu, gegedu la waliotembezwa lilisalimika zaidi kuliko la waliofungwa. Mashine ya Salter haikuwa na akili yoyote. Ilikunja na kunyoosha, ikakunja na kunyoosha.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Roboti haiui vijidudu. Hiyo ni kazi ya kisu cha daktari, maji na dawa. Roboti haiondoi kovu. Inachokitoa ni kitu kimoja, nacho ni kurudia. Inarudia mara mia bila kuchoka, bila kuwaza nauli, bila kuitwa na msimamizi.

TULIPOULIZA HAPA KAMPALA

Tulimwendea mama mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo, mtu aliyeshika viungo vya walioungua miaka mingi. Tulikwenda pamoja na ndugu yetu, naye akauliza swali lake tena bila haya. Mama yule hakumcheka. Aliushika ule mkono, akaujaribu taratibu, akautazama uso wake, si kiwiko. Kisha akamwambia, "Kaka, mashine hiyo ni nzuri, nami ningeipenda. Lakini wewe hukukosa mashine. Wewe ulikosa kuja."

Alieleza kwamba wengi walioungua hupotea wakishapata ngozi. Kidonda kikifunga, wao hudhani wamepona, na jamaa zao hudhani hivyo pia, kumbe kazi ya viungo ndiyo kwanza inaanza. Wanarudi baada ya mwaka, kidevu kimeshikana na kifua, au kwapa limefunga, na sasa wanahitaji kisu. Wengine hawarudi kabisa.

Uganda si nchi isiyo na pa kwenda. Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Kiruddu, kule Makindye, ndiyo yenye idara kubwa ya walioungua na ya upasuaji wa ngozi, ambayo zamani ilikuwa Mulago. Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, iko hospitali ya CoRSU, iliyofunguliwa mwaka 2009, ambayo hufungua makovu yaliyovuta viungo na kutibu mifupa yenye vijidudu. Mulago kuna historia ndefu: katika miaka ya 1960 Profesa Ronald Huckstep aliwatengenezea waliopooza kwa polio vyuma vya miguu na viatu kwa vitu rahisi vinavyopatikana hapahapa, na njia zake zikafuatwa katika nchi nyingine. Hakungoja kiwanda cha Ulaya kilete.

Tukumbuke pia usiku wa tarehe 29 Juni 2013 pale Namungoona, kwenye barabara ya Northern Bypass, lori la mafuta lilipowaka. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao vijana wa bodaboda. Jiji zima liliwasikitikia. Lakini aliyeungua akapona hurudi nyumbani na kovu linalovuta, na siku hiyo hakuna gazeti linaloandika habari zake.

KAMBA NA RIMU YA BAISKELI

Mama yule alimpeleka kwanza apigwe picha, ili ijulikane kama mfupa haujaota na kuziba kiungo, jambo linalotokea kwa viwiko vilivyoungua. Haukuwa umeota. Vijidudu navyo havikuwapo tena. Basi akampa kazi.

Kwenye mti wa fenesi ulio nyuma ya nyumba yake, ndugu yetu alining'iniza rimu ya baiskeli kuukuu. Akapitisha kamba juu yake, akafunga kitanzi kila upande. Mkono mzima unavuta, mkono mbovu unanyooka. Mkono mzima unalegeza, mkono mbovu unakunjika. Mara 20, kisha anapumzika, kisha mara 20 tena, asubuhi, mchana na jioni. Kabla ya kuanza hupaka kovu mafuta na kulisugua kwa kidole gumba. Usiku hulala na banzi la plasta linaloshikilia pale alipofika mchana, ili kovu lisimnyang'anye usiku alichokipata mchana. Mke wake ndiye anayehesabu, na hakubali kudanganywa.

Kila wiki anakwenda kwa mama yule kupimwa kwa kipimo cha pembe. Siku ya kwanza kiwiko kilibakiza nyuzi 80 kabla ya kunyooka. Baada ya miezi 5 kilibakiza nyuzi 35. Hakijanyooka, na mama yule alikwisha kumwambia kwamba huenda kisinyooke chote, maana gegedu lililoliwa halirudi. Lakini anakula kwa mkono wa kulia, anafunga vifungo vya shati, na anafikia rafu.

Nauli ya safari hizo ililipwa kwa mchango wa tawi. Wanachama walitoa walichokuwa nacho kila siku ya mshahara. Hilo ni jambo jema, nasi tunawashukuru, lakini lisitusahaulishe kwamba mzigo ule haukuwa wa wanachama kuubeba.

SHERIA INASEMAJE

Turudi kwenye lile neno "mgonjwa".

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyeugua mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukiisha naye bado hajapona, mwajiri anaweza kuuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Sasa tazameni: kuungua vibaya, kupandikizwa ngozi, na kisha kiungo kuingiwa na vijidudu, ni kazi ya miezi mingi. Aliyeandikwa "mgonjwa" hupoteza kazi yake wakati uleule ambapo mazoezi ndiyo yanaanza kuleta faida.

Lakini aliyeumia kazini ana sheria nyingine, nayo ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Sheria hiyo inasema mwajiri hulipa fidia hata kama mfanyakazi alikuwa mzembe. Kwa hiyo yule msimamizi anayesema "ni kosa lako mwenyewe" hana la kusema. Inamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu zilizo za haki, na inamtaka awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Inahesabu pia ajali inayotokea njiani mtu akienda kazini au kurudi moja kwa moja. Na ulemavu wa kudumu wa sehemu, kama kiwiko kilichoganda kikapunguza uwezo wa kufanya kazi, nao una fidia yake.

Hesabu yake ni hii. Aliyelemaa kabisa hulipwa mapato ya miezi 60. Aliyelemaa sehemu hulipwa asilimia ya hiyo miezi 60, kwa kadiri daktari alivyopima. Kwa mfano, mtu wa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi: mara 60 ni shilingi 12,000,000. Daktari akipima ulemavu wake kuwa asilimia 30, haki yake ni shilingi 3,600,000. Pande mbili zisipokubaliana juu ya kipimo, ipo Bodi ya Usuluhishi ya Madaktari.

Lakini kuna mlango mwembamba wa kupitia. Taarifa ya ajali yapasa kumfikia mwajiri ndani ya mwezi 1. Mfanyakazi mwenyewe anaweza kuitoa, au mtu mwingine kwa niaba yake. Ndugu yetu alikuwa kitandani, mkono umefungwa, na hakuna aliyeandika. Kampuni ikasema haina habari ya ajali yoyote.

Kilichomwokoa ni daftari la askari wa lango. Siku ile askari aliandika saa ya kutoka, jina lake, majina ya wenzake wawili waliomchukua, na maneno haya: "ameungua na sabuni". Tulilipeleka mbele ya Ofisa wa Kazi, na baada ya hapo kampuni haikuweza tena kusema kwamba haikujua. Barua ya kumwachisha ikaondolewa. Leo anafanya kazi stoo. Habari ya asilimia bado inabishaniwa, nasi hatutaiacha.

YANAYOTUPASA

Tunawaomba wanachama wa kila kiwanda na kila shamba wayashike mambo haya, na kuyabandika ukutani.

Kwanza, mtu akiungua, mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama ni magadi, asidi au kemikali nyingine, vueni nguo zilizolowa na mmwagie kwa muda mrefu zaidi. Msipake dawa ya meno, wala mayai, wala mavi ya ng'ombe, wala mafuta. Vueni pete na saa kabla vidole havijavimba. Mfunikeni kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali.

Pili, andikeni siku ileile. Andikeni tarehe, saa, mahali, mashine, na majina ya walioona. Neno liwe "ajali kazini". Nakala moja apewe mwajiri, moja ibaki kwa katibu wa tawi.

Tatu, kidonda kilicho karibu na kiungo kikivimba, kikawa cha moto, kikatoa usaha, homa ikapanda, au maumivu yakazidi hata mtu mwingine akikigusa tu, msingoje kesho. Rudini hospitali siku hiyo.

Nne, ulizeni habari za tiba ya viungo tangu kitandani, kabla ya kupewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwa kawaida kiwiko hulazwa kimenyooka, na goti vivyo hivyo. Kifundo cha mguu husimamishwa kama unavyosimama. Aliyeungua shingo halali na mto. Aliyeungua kwapa huweka mkono mbali na ubavu. Lakini kiungo kilicho wazi au chenye usaha kisitembezwe mpaka mtaalamu aseme.

Tano, katika mapatano yetu na waajiri, tusidai nyongeza ya mshahara peke yake. Tudai iandikwe kwamba aliyeungua kazini hupewa siku za tiba ya viungo pamoja na nauli yake mpaka mtaalamu aseme inatosha, na kwamba hakuna msimamizi atakayempigia simu kumharakisha. Tudai glavu, miwani na aproni zinazofaa, kwa gharama ya mwajiri, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inavyotaka. Na valvu zikaguliwe kabla hazijafyatuka.

Kuhusu roboti, hatusemi kwamba mfanyakazi wa Uganda hastahili. Kinachomfaa mtu wa Seoul kinamfaa mtu wa Namuwongo na mtu wa shamba la miwa. Siku mashine hizo zitakapokuja katika hospitali zetu za taifa, chama kitakuwa wa kwanza kudai kwamba zisiwe za wenye fedha peke yao. Lakini kovu halingoji siku hiyo. Linavuta usiku huu.

Katika mkutano uliofuata tulitoa majibu haya. Ndugu yetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kusema. Safari hii aliinua mkono wa kulia. Haukufika juu, ulikomea usawa wa uso, lakini mwenyekiti aliuona. Alitaka tu kuuliza ni nani atakayewaandikia taarifa vibarua wa zamu ya usiku, ambao hawana katibu.

Ni swali la haki. Tawi limekwisha kumchagua mtu wa zamu ya usiku, na kalamu na daftari amepewa. Matawi mengine nayo yafanye hivyo kabla ya mwezi huu kwisha.

Umoja wetu ndiyo nguvu yetu.